Kwa nini nawaletea RISC OS kwenye Raspberry Pi, mfumo ulioanza 1987

Haya ni maneno niliyoongea jioni mbele ya vijana wa kompyuta na mafundi hapa Dodoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimetoa tu zile "eeeh" na pale tulipokaa kusubiri umeme urudi.

Wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo vipi, na wenyeji wa hapa mbukwenyi. Asanteni kwa kuja na hili vumbi la leo.

Naona wengi mnaikodolea macho hiyo TV hapo mezani mnajiuliza hii ni windo gani, manake si Windows, si Linux, na Android ndio kabisa haifanani nayo. Inaitwa RISC OS. Ilitengenezwa na kampuni ya Acorn, Cambridge kule Uingereza, na mizizi yake ni ya mwaka 1987, humu ndani zaidi ya nusu hamjazaliwa. Na kinachoiendesha ni hiyo bodi ndogo iliyolala pembeni ya TV, Raspberry Pi, kompyuta nzima kwenye bodi moja, mnaweza kuja kuishika, inakula umeme wa chaja ya simu tu.

Sasa kabla sijaenda mbali niseme kitu kimoja wazi. Kule Uingereza watu wengi wanaoendesha mfumo huu wanakumbuka utoto, walikuta mashine za Acorn darasani wakiwa wadogo, leo wana mvi wanataka kuona tena kile walichokiona wana miaka kumi, na hiyo ni haki yao. Mimi sijawahi kukutana na mtu hapa kwetu aliyesomea Acorn. Sina kumbukumbu yoyote ya kuwauzia. Kwa hiyo kama nawaletea mzee huyu lazima awe na kazi ya leo, la sivyo tufunge tukanywe chai.

Kazi yake ni hii: ni mfumo mdogo kiasi kwamba mtu mmoja akikaa nao kwa utulivu anaweza kuuelewa kuanzia juu mpaka chini kwenye chipu. Hebu jiulize nani hapa anaweza kusema anaijua Android yote? Hamna. Hata wanaoitengeneza kila mtu anajua kipande chake. Sisi wengi tumeanza kompyuta na simu, tunabonyeza kioo, kitu kinafunguka, na katikati ya kidole na kile kitu kuna giza. Ndilo hilo giza nataka tulipunguze.

Tuanze na chipu, manake hapo kuna stori nzuri na inawahusu wote mlio na simu mfukoni.

Acorn walikuwa wametengeneza kompyuta inaitwa BBC Micro mwaka 1981, ilitokana na mradi wa shirika la utangazaji la Uingereza la kufundisha watu kompyuta kupitia TV, ikaingia mashuleni kwa wingi sana. Baadaye wakataka mashine yenye nguvu zaidi, wakaangalia chipu zilizokuwa sokoni hazikuwaridhisha, wakaamua watengeneze ya kwao. Walikuwa watu wachache tu, Sophie Wilson akapanga maagizo ambayo chipu itayaelewa, Steve Furber akachora jinsi itakavyofanya kazi kwa ndani. Chipu ya kwanza ikafika mezani Aprili 1985 ikafanya kazi, ina transista, vile viswichi vidogo vya umeme, kama elfu 25 hivi, leo chipu ya simu ya kawaida ina mabilioni. Wakaiita ARM.

Na walitaka isile umeme mwingi, sababu yenyewe ilikuwa ya kibahili kabisa, walitaka ganda la plastiki la bei rahisi badala ya la kauri, na plastiki haivumilii joto. Furber amewahi kusimulia kwamba siku wanapima chipu inakula umeme kiasi gani, mita ikasoma sifuri. Sifuri! Na chipu inapiga kazi kama kawaida. Kuja kuchunguza wakakuta waya wa umeme wa chipu haujaunganishwa kabisa kwenye ile bodi, chipu ilikuwa inaishi kwa umeme uliokuwa unavuja kutoka kwenye nyaya za mawasiliano. Mafundi mnacheka, mnajua maana yake, chipu inakula umeme kidogo mno. Ukoo huo huo wa chipu ndio uko kwenye simu zenu saa hii, uwe na Tecno, uwe na Samsung, uwe na iPhone.

Mfumo wenyewe ulikuja kwa haraka haraka. Acorn walikuwa wanaandaa mfumo mkubwa wa kifahari unaitwa ARX, ukachelewa, na mashine mpya ya Archimedes lazima iende sokoni 1987, basi wakaunga mfumo mwingine chapu chapu wakauita Arthur. Watu wakaulalamikia. Mwaka 1989 likatoka toleo lililorekebishwa, ndipo likaitwa RISC OS 2, na sura mnayoiona hapo mezani inatokana na hilo. Archimedes ya bei ya chini kabisa ilikuwa na memori ya nusu megabaiti na chipu ya megahezi 8. Raspberry Pi ya kwanza ilipotoka Februari 2012, kwa dola 35, ilikuwa na megabaiti 256 na megahezi 700. Yaani memori mara zaidi ya 500! Mfumo ulioandikwa kubanana kwenye nusu megabaiti ukauweka hapo unapaa tu.

Hapa nifafanue, manake kuna kijana aliniuliza kwa nini tusiweke DOS au Windows 95 kama tunataka vya zamani. Unaweza, ila zile ziliandikwa kwa chipu za ukoo wa Intel na Pi ni ARM, kwa hiyo unaweka Linux kwanza, juu yake programu ya kuigiza kama DOSBox, ndani yake ndio DOS. Umeongeza matabaka mawili kati yako na mashine wakati sisi tunayapunguza. RISC OS inakaa kwenye Pi moja kwa moja bila mkalimani, manake chipu ni mjukuu wa ile ile iliyoandikiwa.

Ni kweli Acorn yenyewe ilifariki. Mwaka 1998 waliacha biashara ya kompyuta za mezani, mfumo ukapita mikono hii na ile, kukawa na mivutano ya nani ana haki gani, mambo ya mirathi hayo. Kikundi cha RISC OS Open kikaanza 2006 kuutunza, mwisho wa 2012 toleo la Pi likawa limeshatoka, na Oktoba 2018 kodi yake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ikawekwa chini ya leseni ya Apache. Maana yake wewe wa hapa Dodoma, wa Kikuyu au Ng'ong'ona, unaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha, kuigawa, hata kuiuza, bila kumuomba mtu.

Haya tuwashe.

Kuipiga kwenye kadi ni rahisi kuliko kupiga windo kwenye laptopu. Unatumia ile programu ya Raspberry Pi Imager, RISC OS iko kwenye orodha, unachagua kadi unaflashi, na memori kadi ya zamani ya simu ya gigabaiti 2 au 4 uliyoitupa kwenye droo inatosha. Bando halitakata kwa ajili yake, faili ni dogo ukilinganisha na Linux kamili. Unachomeka kadi, HDMI, kibodi na mausi, umeme. Mnaona? Nimeongea sentensi moja, imeshawaka.

Sasa mausi. Hapa ndipo watu wote wanachanganyikiwa kwa hiyo nisikilizeni. RISC OS inataka vitufe vitatu. Cha kushoto kuchagua, cha katikati menyu, cha kulia kinaitwa Adjust, chenyewe kinafanya karibu kile cha kushoto ila kwa namna nyingine, kwa mfano ukichagua kitu kwenye menyu kwa kitufe cha kulia menyu inabaki wazi uendelee kuchagua. Mausi zetu za kawaida zina gurudumu katikati, lile gurudumu linabonyezeka, ndio kitufe chako cha menyu. Madirisha hayana menyu juu, menyu inatokea pale pale mshale ulipo. Siku ya kwanza unachukia. Ukizoea, ukirudi kwenye Windows mkono unabaki unatafuta kitufe cha katikati.

Kusevu nako ni tofauti. Hukuti lile dirisha refu la kutafuta folda, kinatokea kikatuni kidogo cha faili, unakikokota unakidondosha kwenye folda unayotaka, basi. Na ukikidondosha kwenye programu nyingine badala ya folda, kazi inaingia huko huko bila hata kupita kwenye kadi. Acorn walikuwa na hii miaka ya themanini, mimi mpaka leo nashangaa kwa nini wengine hawakuiiga.

Alafu majina ya faili. Sisi tumezoea nukta alafu herufi tatu, kule nukta inatenganisha folda, na aina ya faili haikai kwenye jina kabisa, inahifadhiwa pembeni kama namba. Ukileta faili kutoka Windows ile nukta inageuka alama ya mkwaju (/), usishtuke. Na programu ni folda tu ambayo jina lake linaanza na alama ya mshangao. Ukibonyeza mara mbili inafanya kazi, ukishika shift ukabonyeza mara mbili inafunguka unaona utumbo wake wote. Hakuna kuinstoli. Unaikopi kwenye flashi unampa mwenzako, hutaki tena unaifuta, haiachi takataka popote.

Shikeni hilo la utumbo, nitalirudia.

Sasa bonyeza F12. Mnaona mstari mmoja chini wa kuandika? Andika BASIC, ingiza. Tayari mko kwenye lugha ya programu, BBC BASIC, aliyeiandika ni Sophie Wilson yule yule wa chipu, na iko ndani ya mfumo wenyewe, hushushi kitu. Andikeni hivi:

10 FOR I%=1 TO 500
20 LINE RND(1200),RND(900),RND(1200),RND(900)
30 NEXT
RUN

Mistari 500 kwenye skrini, imechora kabla hujatoa kidole. Na ile sifuri ya kuhesabia inaanzia chini kushoto, vile vile mlivyochora grafu kwenye hesabu za sekondari, sio juu kushoto kama lugha nyingi za sasa ambazo zinamchanganya mtoto wa kidato cha pili bure. Mtoto anawasha, anaandika mistari mitatu, anaona kitu. Linganisha na kumwambia kwanza shusha hiki, instoli kile, apdeti, restati, tengeneza akaunti, mpaka afike kwenye kuandika hamu imeisha na bando pia.

Na ukichoka na BASIC, ndani ya programu hiyo hiyo unafungua mabano ya mraba unaandika maagizo ya chipu yenyewe, MOV, ADD, LDR, maagizo ya ARM kabisa, unafunga mabano unaendelea na BASIC. Yaani kutoka PRINT mpaka kwenye rejista za chipu, vile visanduku vidogo vya kushikia namba ndani yake, hutoki kwenye faili moja. Mimi nimefundisha watu kadhaa hapa mjini, na pale mtu anapoona namba aliyoiweka kwenye rejista ya R0 inatokea kwenye skrini, ule uso wake, huyo ameshaelewa kitu ambacho video kumi haziwezi kumpa.

Sasa niwaambie na ubaya, nisije nikaonekana nauza.

Mfumo huu unagawana muda kwa hiari. Linux na Windows zinaikata programu kwa nguvu ili nyingine ipate zamu, RISC OS inasubiri programu yenyewe iseme nimemaliza kwa sasa, endeleeni. Ni kama mimi hapa na hii maiki, nisipoiachia wote mmekwama mpaka mtu aje kuninyang'anya. Programu moja ikizunguka bila kuachia, mashine nzima inastaki. Kuna Alt na Break ya kuiua, mara nyingi inasaidia, mara nyingine unazima tu. Kwa kazi ya ofisi hilo ni tatizo. Kwa kujifunza mimi naliona ni zuri, manake ukiandika programu yako mwenyewe unalazimika kujua kwamba kuna wengine wanasubiri, na ikistaki unarestati sekunde chache umerudi.

Inatumia kiini kimoja tu cha chipu hata kama Pi yako ina vinne, vingine vitatu vimekaa. Hamna neno la siri, hamna mtumiaji wa kawaida na wa juu, kila anayekaa kwenye kibodi ni bosi, na programu mbovu inaweza kukanyaga memori isiyo yake. Mtandaoni kuna kibrauza cha NetSurf, kilianzia huku huku RISC OS, kidogo na chepesi, kurasa za maandishi kinafungua vizuri ila kurasa za sasa zenye mbwembwe zinakishinda. Wala usithubutu kuingiza mambo ya benki au ya pesa ya simu. WiFi kwa miaka mingi ilikuwa hamna, mpaka toleo la 5.30 mwaka 2024 ndio Pi zenye WiFi zikapata, kabla ya hapo ni kebo. Mwenye Pi Zero, ile Pi ndogo, hana hata tundu la kebo hiyo.

Na umeme. Mnalijua la umeme. Ukikatika wakati inaandika kwenye kadi unaweza kukuta folda imevunjika na mfumo unakulalamikia. Kwa hiyo mambo mawili: ukimaliza zima kwa Ctrl Shift F12, usichomoe tu, na kuwa na nakala ya kadi nzima kwenye laptopu ya mtu. Ukiweza endesha kwa pawabenki nzuri au sola ndogo, Pi Zero inakula kidogo mno, na jua la Dodoma hatulinunui. Saa pia haina betri, ukiwasha bila mtandao tarehe inakuwa ya ajabu, faili zako zitakuwa na tarehe za ajabu vile vile.

Nirudi kwenye utumbo. Ukifungua folda ya programu kwa ile shift, ndani yake mara nyingi utakuta faili linaitwa Messages. Ni maandishi matupu. Kila neno ambalo programu inamwambia mtumiaji, kila makosa, mara nyingi na menyu pia, limeandikwa mle, jina upande mmoja, nukta mbili, maneno upande wa pili. Umeelewa naelekea wapi? Ukifungua faili lile kwa Edit, programu ya kuandikia ya humu humu, ukabadilisha maneno ya upande wa pili yakawa Kiswahili, ukasevu, ukawasha programu, inaongea Kiswahili. Hujaandika kodi hata mstari mmoja. Zile zilizo ndani ya mfumo wenyewe huzigusi moja kwa moja, unatoa nakala kwanza, ila hizi za kwenye kadi unafungua unabadilisha.

Na hii ni kazi ya mtu yeyote, sio ya fundi. Mwalimu wa Kiswahili anaweza, mwanafunzi wa fasihi pale UDOM anaweza, tena ataifanya vizuri kuliko mimi, mimi Kiswahili changu kimejaa kustaki na kuflashi kama mnavyosikia. Kuifanyia Windows kitu hicho unasubiri kampuni iamue. Hapa unaamua wewe leo jioni. Nimeanza na programu moja ndogo ya kuchora, iko kwenye hiyo mashine ya pili, nendeni mkaione, na mkiona neno limekaa vibaya libadilisheni hapo hapo, msiniulize.

Kuna mama hapo mbele alinyoosha mkono akauliza swali zuri, akasema, "Mwanangu, hii itampatia kijana wangu ajira?" Nikamjibu hivi: mama, hamna tangazo la kazi Tanzania nzima litakaloandika tunataka mtu wa RISC OS, nisikudanganye. Ila maagizo ya ARM atakayoyajua hapa ndio ukoo wa chipu za simu, za mita, za vifaa vya sola, za ile Raspberry Pi Pico iliyotoka 2021 kwa dola 4 ambayo vijana wanafungia pampu na vipima joto. Na fundi anayejua memori ni nini na programu inafikaje kwenye chipu hababaishwi na kila kifaa kipya. Mama akasema basi afadhali, ila ale kwanza ndio aje kwenye kompyuta. Sawa kabisa.

Kijana mwingine akauliza, "Kaka, mimi nina Pi 5, nipige?" Hapana. Chipu ya Pi 5 inakubali kodi ya biti 32 kwa programu za kawaida tu, mfumo wenyewe lazima uwe wa biti 64, na RISC OS imeandikwa biti 32 mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo wewe mwenye hela ndio umekosa, baki na Linux yako. Kuanzia Zero mpaka 4 mko salama, na ile Pi ya zamani ya 2012 ambayo mtu anataka kukuuzia kwa bei ya kutupa, inunue. Usiagize mpya kwa ajili ya hili, ikifika huku bei imeshapanda mara kadhaa, ulizieni kwanza waliosoma chuo wakaacha nazo kwenye mabegi.

Ambaye nyumbani hana intaneti aulizie StrongHelp, ni programu ya kusomea miongozo bila mtandao, unashusha miongozo ya BASIC na ya mfumo mara moja unakaa nayo mwaka mzima.

Nimeongea sana. Meza ya kushoto ni ya kuflashi, mwenye memori kadi apange foleni na kama kuna picha za harusi humo azitoe kwanza maana zitafutika zote. Meza ya kulia ina mashine tatu, dakika kumi kumi kila mtu, wadogo waanze.